Shilingi Yetu Imfikie Mgonjwa

Maneno ya Kamati ya Fedha mbele ya mkutano mkuu wa mwaka wa wana-Kilambo waishio Dar es Salaam

 

Sisi wa Kamati ya Fedha tumezoea kupewa dakika za mwisho, wakati watu wameshaanza kusikia harufu ya pilau. Mwaka huu mmetutanguliza, na tunashukuru, kwa sababu kuna jambo la kuamua kabla hatujaanza kuahidi michango. Fungu la afya la mwaka ujao litumike kwa nini?

Mapendekezo yako mawili. La kwanza ni kuanza jengo la wodi pale kijijini. La pili, ambalo ndilo letu, ni kuliweka fungu hilo kwenye kazi ya muuguzi na mkunga: nyumba ya kulala karibu na zahanati, mwanga wa uhakika usiku, vifaa vidogo vya chumba cha kujifungulia, mazoezi ya mara kwa mara, na daftari la matokeo litakalosomwa hapa kila mwaka.

Wanaotaka jengo wana hoja, nasi tunaiheshimu. Jengo linaonekana. Mtoto wetu akienda likizo anaonyeshwa: hili walijenga baba zako. Jengo pia haliombi uhamisho. Lakini kabla hatujaweka jiwe la msingi, tunaomba tukubaliane kwanza jinsi ya kupima kama pesa ya afya imefanya kazi yake.

Tupime kama tunavyopima korosho

Kila mtu humu ndani, hata ambaye hajashika jembe miaka ishirini, anajua korosho inavyouzwa. Tangu msimu wa 2007/08, mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kwetu Mtwara, mkulima hupeleka mzigo wake chama cha msingi, unapimwa, unaangaliwa ubora, kisha unaingia ghalani kusubiri mnada. Hakuna mnunuzi anayeuliza umepuliza mifuko mingapi ya salfa au umepalilia mara ngapi. Anaangalia kilo na daraja.

Sasa tujiulize, michango yetu ya afya huwa tunaipima vipi? Kwa kawaida tunasoma idadi ya tofali, mabati, vitanda na magodoro. Hizo zote ni salfa. Zina maana, na bila hizo mavuno ni haba, lakini si mavuno. Mavuno ya afya ni mama aliyejifungua akarudi nyumbani kwa miguu yake, mtoto aliyelia akanyonya, kidonda kilichopona bila kuoza, mzee wa sukari ambaye mguu wake haukukatwa.

Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Michael Porter na Elizabeth Teisberg, waliandika kitabu kilichoitikisa sekta ya afya duniani. Hoja yao kuu inaeleweka hata na mama ntilie: thamani ya huduma ni matokeo anayoyapata mgonjwa, yakilinganishwa na gharama iliyotumika kuyapata. Tuseme, kwa mfano tu, zahanati mbili zimetumia kiasi kilekile cha fedha. Katika ya kwanza, akina mama 60 kati ya 100 wamepata sindano ya kuzuia damu mara tu baada ya mtoto kutoka. Katika ya pili wamepata 90. Mhasibu anayesoma risiti tu atasema zahanati hizi ziko sawa. Mhasibu anayemuuliza mgonjwa atasema ya pili imetoa thamani kubwa zaidi.

Kwa nini muuguzi

Mtauliza, mbona tunamtaja muuguzi na mkunga badala ya daktari? Kwa sababu kwenye zahanati za vijijini wao ndio walioko saa nane za usiku. Daktari bingwa yuko Ligula, au kwenye Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Kutoka Kilambo hadi Mtwara mjini ni kilomita zinazokaribia 40, na sote tunajua usiku wa masika kilomita hizo huwa ngapi. Mgonjwa atakayefika huko akiwa hai ni yule ambaye mtu wa kwanza kumpokea alifanya yaliyopasa.

Tazameni jinsi muda ulivyo mfupi. Mtoto anayezaliwa bila kupumua anatakiwa asaidiwe ndani ya dakika moja. Mama anayetoka damu nyingi anaweza kufariki katika saa chache. Hakuna jengo linaloona kwamba damu imezidi. Anayeona ni mtu mwenye macho, mwenye mwanga, asiye na usingizi wa siku mbili, na mwenye mikono iliyozoea kazi.

Taifa limepiga hatua, lazima tuseme ukweli. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Lakini kwa watoto wachanga wanaofariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja, namba haikusogea hivyo: ilikuwa 25 kwa kila vizazi hai 1,000, ikawa 24. Tunaisoma namba hiyo hivi: kumfikisha mama kwenye kituo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni yale anayofanyiwa yeye na mtoto wake akishafika.

Mifano ya nchini kwetu

Tulipokuwa tunaandaa maneno haya tulitafuta ushahidi wa mahali ambapo pesa kidogo iliyowekwa mikononi mwa wauguzi imebadilisha matokeo. Hatukulazimika kwenda mbali.

Mfano wa kwanza uko Haydom, mkoani Manyara. Hospitali ile ilifundisha wakunga jinsi ya kumsaidia mtoto asiyepumua, kwa mafunzo ya siku moja. Wakunga walifaulu vizuri kwenye mwanasesere wa mazoezi, lakini leba mambo hayakubadilika. Ndipo wakabadili mtindo. Mwanasesere akawekwa palepale wodini, kila mmoja akawa anafanya mazoezi ya dakika chache, mara kwa mara, bila posho ya safari wala ukumbi wa kukodi. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Angalieni hesabu hiyo, ndugu zetu. Semina ya siku moja ina picha ya pamoja na chakula cha mchana, lakini mazoezi ya dakika chache ndiyo yaliyookoa watoto.

Mfano wa pili ni karatasi ya plastiki. Kwa miaka mingi mkunga amekuwa akikadiria kwa macho damu iliyomtoka mama, na macho hukosea. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2023, uliohusisha hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania na wanawake zaidi ya 210,000, baadhi ya hospitali zilianza kutumia plastiki yenye mfuko na mistari ya vipimo, inayotandikwa chini ya mama. Damu ikifika mstari wa hatari, mkunga haendi kutafuta ruhusa: anasugua tumbo la uzazi, anatoa dawa, anaweka dripu, anachunguza chanzo, vyote kwa mpigo. Mahali palipotumika utaratibu huo, akina mama 93 kati ya kila 100 waliotoka damu nyingi walitambuliwa kwa wakati. Mahali pengine walitambuliwa 51. Madhara makubwa, yakiwemo kutoka damu kupita kiasi, upasuaji na vifo, yalipungua kwa asilimia 60. Zile zilikuwa hospitali na sisi tuna zahanati, hilo tunalijua. Lakini jicho la mkunga wa zahanati halina uwezo wa ziada wa kukadiria damu, na msaada kwake uko mbali zaidi.

Mfano wa tatu uko kwetu kabisa, Tandahimba. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao walifanya kazi na wauguzi wa vituo na kamati za vijiji vya wilaya ile, wakalinganisha na Newala. Kila kituo kilichagua tatizo moja, kikajaribu mabadiliko madogo, kikachora mstari wa matokeo ukutani mwezi kwa mwezi. Mstari ukishuka, wanakaa na kuulizana sababu. Kiwango cha akina mama waliopata dawa ya kuzuia damu ndani ya dakika moja baada ya kujifungua kilipanda kwa pointi 26 za asilimia. Hao ni watu wetu. Wanalima korosho kama sisi, wanapata shida ya maji kama sisi. Kilichoongezeka ni utaratibu wa kuhesabu na kuulizana.

Staha ni sehemu ya tiba

Kuna jambo ambalo mama zetu hulisema jikoni na halifiki kwenye mikutano: namna mtu anavyopokelewa. Mama akitukanwa leba, mimba inayofuata atajifungulia nyumbani, na mdogo wake naye atafuata. Hapo hata dawa ikijaa kabatini haina wa kumfikia.

Huko Korogwe na Muheza, mkoani Tanga, ulifanyika mradi ulioitwa Staha. Wanawake waliulizwa walipokuwa wanatoka kituoni kama walitendewa vibaya wakati wa kujifungua. Karibu 19 kati ya 100 walisema ndiyo. Baadhi yao walipofuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye na kuulizwa tena, waliosema ndiyo walikuwa 28 kati ya 100. Swali lilikuwa lilelile. Mlangoni mwa kituo mtu anaogopa, nyumbani anasema. Baadaye watumishi na wanajamii walikaa pamoja wakaandikiana makubaliano ya kuheshimiana, kila upande ukitaja wajibu wake, na matendo mabaya yakapungua sana.

Sisi kama wahasibu tumejifunza kitu hapo: taarifa haitoshi kuwepo, lazima ichukuliwe mahali ambapo mtu yuko huru kusema. Ndiyo maana tunapendekeza kila mama aliyejifungua atembelewe nyumbani baada ya arobaini yake na mwanamke wa kijijini anayeaminika, kungwi kwa mfano, amuulize maswali machache: ulipokelewaje, ulielezwa unachofanyiwa, ulidaiwa chochote kisicho halali, ungerudi tena?

Na haki iende pande zote. Muuguzi naye ni mtoto wa mtu. Akiwa peke yake usiku na mchana, akilala kwenye chumba cha kupanga mwisho wa kijiji, akiitwa kwa kupigiwa dirisha, akitukanwa na ndugu wa mgonjwa, tusishangae barua ya uhamisho ikiandikwa kabla ya mwaka kwisha. Kila anapoondoka mmoja, anaondoka na uzoefu wote alioupata kwetu. Nyumba ya muuguzi tunaihesabu kama kifaa cha tiba.

Tahadhari moja ya kihasibu

Tunaomba msikilize hapa, maana hapa ndipo watu wenye nia njema huharibu. Kupima matokeo hakumaanishi kumhukumu muuguzi kwa kifo kimoja. Kwenye zahanati ndogo vizazi ni vichache. Mwaka unaweza kupita bila msiba wowote hata kama huduma ni mbovu, na msiba unaweza kutokea hata kama muuguzi alifanya kila kitu. Ni kama mvua ya mwezi wa kumi kwenye maua ya mkorosho: mkulima hodari naye hupata hasara. Tukianza kutafuta mtu wa kulaumiwa, kitakachofuata ni madaftari kujazwa uongo, na wagonjwa mahututi kukimbizwa Mtwara ili wasifie mikononi mwa mtu.

Kwa hiyo tunapendekeza tuhesabu matendo ambayo tayari yanajulikana kuwa yanaokoa maisha. Ni manne tu: mama kupewa dawa ya kuzuia damu ndani ya dakika moja, mtoto kukaushwa, kupatiwa joto na kunyonyeshwa mapema, chati ya uchungu kujazwa wakati wa uchungu wenyewe, si baada, na mgonjwa wa rufaa kuondoka mapema baada ya uamuzi. La tano ni yale majibu ya nyumbani. Majina ya wagonjwa hayataandikwa kwenye taarifa yetu. Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa.

Florence Nightingale, ambaye wauguzi wa dunia nzima humkumbuka kila tarehe 12 Mei, anajulikana kwa taa yake. Wengi hawajui kwamba alikuwa pia mtu wa takwimu, na mwanamke wa kwanza kupokelewa katika chama cha wanatakwimu cha London. Alichora vifo vya askari kwa michoro ili wakubwa wa serikali waone kwamba wengi walikufa kwa uchafu na maradhi kuliko kwa risasi. Taa na daftari vilikwenda pamoja tangu mwanzo.

Tunachoomba kifanyike

Kwanza, nyumba ya muuguzi, hatua za kutembea kutoka zahanati, yenye maji na mlango unaofungika. Hili nalo ni jengo, kwa hiyo wazee wanaopenda jiwe la msingi watalipata.

Pili, umeme wa jua kwa ajili ya chumba cha kujifungulia na jokofu. Dawa ya oksitosini hutakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Kwa joto la bonde la Ruvuma, jokofu lisilo na umeme linaharibu dawa ambayo kwenye karatasi inaonekana ipo.

Tatu, mwanasesere wa mazoezi, mfuko wa kumpulizia mtoto hewa na barakoa yake, plastiki za kupimia damu, na mashuka safi. Aina na idadi ya vifaa vitaamuliwa pamoja na ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya, tusije tukanunua visivyotakiwa.

Nne, daftari la matokeo na ukuta wa kuchorea mstari, kama Tandahimba.

Hatutaki kuwa serikali ya pili. Mwajiri wa muuguzi ni halmashauri, na dawa huletwa na Bohari ya Dawa. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 serikali imekuwa ikipeleka fedha moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kijiji kina kamati ya usimamizi wa zahanati yenye haki ya kujua zinavyotumika. Mchango wetu upitie njia hiyohiyo iliyo wazi, kwa makubaliano ya maandishi, risiti zibandikwe ukutani kijijini na nakala ziletwe kwetu.

Lipo pia jambo lisilohitaji hata senti yetu. Ile huduma ya usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, m-mama, iliyozinduliwa kitaifa mwaka 2022, inaitwa kwa namba 115 bila malipo. Tuwapigie simu dada zetu na shemeji zetu kijijini wiki hii, tuwaulize kama wanaijua. Namba iandikwe kwenye mlango wa kila nyumba yenye mjamzito.

Mwisho

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kwenye afya tunaweza kuongeza kwamba hata mali yenye daftari inaweza kuisha bila faida, kama daftari lenyewe linahesabu mabati pekee. Wodi tutaijenga, inshallah, na siku hiyo tutakuwa wa kwanza kushika beleshi. Lakini tunaomba ijengwe mahali ambapo tayari kuna muuguzi anayelala karibu, mwenye mwanga, mwenye mikono iliyozoea, na anayeheshimiwa na watu wake.

Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki. Waajiriwa wajaze kiasi cha kila mwezi, hata kiwe kidogo. Wakulima wajaze baada ya mnada wa korosho. Wafanyabiashara wa Mbagala na Kariakoo, ninyi mnajua wenyewe hali zenu. Mwakani, mkutano kama huu, tutasimama hapa tena. Hatutaanza na idadi ya tofali. Tutaanza na mstari uliochorwa ukutani Kilambo, uwe umepanda au umeshuka, na tutawasomea vyote viwili: fedha iliyotoka, na akina mama na watoto iliowafikia.